Kukata kona kwa skii kama ndio unaanza

Jumamosi nilikuwa Buck Hill, kilima cha kuteleza kwenye theluji kwa skii (zile mbao ndefu nyembamba za miguuni) hapa Minnesota, na binamu yangu, ametoka Eldoret juzi tu, asubuhi hata kusimama hawezi na jioni anakata kona kushoto na kulia, sasa naandika vile tulifanya.

1. Buti na skii
Soksi moja tu, ndefu na nyembamba. Ukivaa mbili mguu unacheza ndani ya buti na skii haikusikii. Kodi skii fupi, za kufika kidevuni. Fimbo ziache kwenye gari, hapa mimi sibadilishi msimamo, mtu anayeanza atazichomeka mbele na kuziegemea.

2. V
Ncha za mbele za skii zikaribiane, nyuma zifunguke, kama V. Ujue kufunga breki nayo kwanza.

3. Kona yenyewe
Hii ilinimalizia wikendi tatu nzima. Nilikuwa nageuza mabega, mwili unaangalia kushoto na skii zinaendelea tu chini. Skii haifuati mabega, inafuata uzito. Ukitaka kushoto kanyagia mguu wa kulia, ukitaka kulia kanyagia wa kushoto. Kichwa kitakataa, lakini angalia miguu yako: kwenye V skii ya kulia tayari inaelekea kushoto, ukiikanyagia inakupeleka huko. Weka mkono wa kulia kwenye goti la kulia, sukuma polepole halafu SUBIRI. Kuna sekunde moja skii zote zinaangalia chini na spidi inapanda, hapo ndipo kila mtu anaogopa na kuegemea nyuma, na ukiegemea nyuma ncha za mbele zinakosa uzito na kona inakufa. Ugoko ukandamize ulimi wa buti muda wote, hasa hiyo sekunde. Binamu alirudia karibu mara kumi hakuna kitu, mpaka nikamwambia asikilize skii ya nje, ile anayoikanyagia, ikikwangua theluji, khrrr, basi ikaja, "Dada, imegeuka!" Na kama theluji imeganda ngumu asubuhi usijaribu hapo, ngoja ilainike kidogo, kwenye barafu hata ukikanyaga sawasawa utateleza tu pembeni na utadhani umekosea.

4. Kuunganisha
Usikimbilie kona ya pili. Maliza ya kwanza mpaka skii ziangalie pembeni na spidi ipungue, kona ndiyo breki yako. Ukianguka, skii ziwe upande wa chini yako, zikikingama mteremko, ndio uinuke.