Mambo ya kuzingatia kabla ya kushona hamoki ya kulala umenyooka

Pima mtu kwanza, kitambaa baadaye. Anayetaka kulala amenyooka kama kitandani anahitaji hamoki (kitanda cha kitambaa kinachoning'inizwa kati ya miti miwili) yenye urefu wake na sentimita 30 juu yake. Kwa mtu wa futi sita ni kama mita 2.1. Upande wa kichwa weka fimbo ya kutanua kitambaa ya sentimita 90, upande wa miguu sentimita 75, na kitambaa chenyewe kiwe kipana kuliko fimbo: sentimita 125 kichwani na 110 miguuni, pindo lihesabiwe kando. Ukikata upana sawa na fimbo, kitambaa kitatanda kama ngozi ya ngoma, mwili utakaa juu badala ya kuzama ndani, na ukigeuka kidogo tu itakupindua.

Mbavu zote mbili, yaani kingo ndefu za kando, hukatwa kwa mkunjo unaoingia ndani, kina chake kama sentimita 16 katikati. Usiuchore kwa kukisia wala kwa kamba na chaki kama duara. Piga misumari miwili ukutani, mita 2.1 kati yake, tundika mnyororo mwembamba na uulegeze mpaka katikati ushuke sentimita 16. Utahitaji mnyororo mrefu kuliko nafasi hiyo kwa sentimita tatu na kitu. Weka karatasi nyuma yake, weka alama kila baada ya pete kadhaa, unganisha alama, kata. Huo ndio mkunjo ambao uzito unautaka wenyewe, na kitambaa kilichokatwa hivyo hakiachi sehemu iliyolegea na nyingine iliyokazana. Kata kiolezo kimoja tu, ukitumie pande zote mbili.

Kitambaa kiwe cha parashuti, kile chenye viboksi vidogo vilivyofumwa ndani. Katika masoko ya Eastleigh na Gikomba jijini Nairobi kinapatikana, ila muuzaji asikuharakishe. Choma uzi mmoja wa pembeni: ukiyeyuka na kufanya tone gumu ni nailoni au polista, ukibaki majivu yenye harufu ya karatasi ni pamba, na pamba ikinyeshewa mara kadhaa inaoza. Kisha shona vipande viwili vya majaribio na uvivute kwa mikono miwili. Nyuzi zikisogea na matundu ya sindano yakifunguka, achana nacho, hata kiwe na rangi nzuri namna gani.

Mkanda unaoshonwa mbavuni ndio unaobeba mtu. Kitambaa kinamshikilia tu. Tafuta mkanda wa polista wa milimita 25. Inayouzwa kwa wingi ni polipropilini, laini na ya kuteleza, na jua huimaliza. Kuzitofautisha ni rahisi: tia kipande ndani ya glasi ya maji yenye sabuni kidogo, ukikamue hewa itoke. Polista inazama, polipropilini inaelea. Kwa kufungia mtini, mkanda wa usalama wa gari unafaa sana kwa sababu ni mpana na hauchubui gome, lakini usichukue uliotoka kwenye gari lililopata ajali. Huo umeshavutwa mara moja kwa nguvu zote, na jicho halioni kilichopungua.

Uzi ni wa polista mnene, ule wa washona mabegi, na sindano namba 16. Mishono iwe ya milimita tatu hadi nne. Midogo zaidi inatoboa mkanda kama stempu. Cherehani nyeusi ya kukanyaga inatosha kabisa.

Sasa tulia hapa, maana hapa ndipo hamoki nyingi huharibika na mwenyewe asijue kwa nini. Meno ya cherehani yako chini. Yanasukuma tabaka la chini mbele, huku mguu wa cherehani ukilikandamiza na kulizuia tabaka la juu. Kwa mshono wa shati hutaona tofauti. Kwa mshono wa mita mbili, kitambaa kilichoko chini huisha mapema na mkanda wa juu unabaki na mkia wa sentimita mbili, hata tatu. Fundi mwenye haraka anaukata mkia kwa mkasi na kuendelea. Upande wa pili anageuza kazi, kitambaa kikawa juu na mkanda chini, na tofauti inakwenda kinyume. Hamoki inatoka ikiwa nzuri machoni, mishono imenyooka, kila kitu safi. Lakini ubavu mmoja ni mfupi kuliko mwenzake.

Anayeilalia haambiwi na mtu. Saa nne usiku anahisi tu kwamba bega la kushoto liko chini kidogo. Mkanda mfupi unabeba zaidi na kukaa juu, ule mrefu unashuka, na mwili unateleza polepole kuelekea huko. Saa nane yuko ukingoni, shavu limegandamana na kitambaa, mkono umekufa ganzi. Anashuka, anakaza kamba ya upande mmoja. Fimbo inakaa mshazari, kona moja inavutwa kuliko nyingine, na kitambaa kinaanza kujikunja kwa mstari mrefu kutoka bega hadi kisigino cha upande wa pili. Ukiona mkunjo huo wa mshazari, acha kuchezea kamba. Shusha hamoki, ikunje kwa urefu, bana kona za kichwa pamoja, zivute za miguu, na ulinganishe mikanda. Ikipishana zaidi ya nusu sentimita, fumua.

Kuzuia ni rahisi kuliko kufumua. Kata mikanda miwili kwa pamoja, imelazwa sambamba. Weka alama ya chaki kila sentimita 20 kwenye mikanda na kwenye ukingo wa kitambaa, ukianzia katikati. Bana alama kwa alama, shona kutoka katikati kwenda kichwani, rudi katikati, shona kwenda miguuni, na mkanda ubaki juu pande zote mbili. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, kuna njia bora zaidi: kunja pindo la sentimita nne liwe nyumba ya mkanda, kama nyumba ya lastiki kwenye sketi, upitishe mkanda ndani ukiwa huru, ushonwe kwenye kona tu. Hapo urefu wa mkanda unaupima mwenyewe, na kitambaa kinajipanga chenyewe juu yake.

Kwenye kona, rudisha mkanda sentimita 10 uwe kitanzi, ushone boksi lenye msalaba, mara mbili.

Fimbo zikae kwenye vitanzi vya mkanda, zisiguse kitambaa. Ncha ya bomba inatafuna nailoni kama panya. Ziba ncha kwa kipande cha mti, tia bolti ya milimita 8 ichomoze, kitanzi kiingie hapo. Bomba la aluminiamu la inchi moja ni zuri, na mafundi wa Kamukunji watakukatia. Mwanzi mkavu usio na ufa nao unafaa. Bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme halifai: linapinda kama upinde hata kabla hujalala vizuri.

Na fimbo nyingi hukatika kwa kosa la kamba. Kamba mbili za kila upande hufanya pembetatu na fimbo. Kwa fimbo ya sentimita 90, kila kamba iwe sentimita 64, ncha ya pembetatu ikae kama sentimita 45 kutoka kwenye fimbo. Mtu wa kilo 80, mkanda wa mti ukipanda kwa nyuzi (digrii) 30, fimbo inabanwa kwa takriban kilo 40. Fupisha kamba hadi sentimita 49 na kubanwa huko kunafika kilo 90. Kaza tena mkanda wa mti ubaki nyuzi 15 tu, na kunakaribia mara mbili ya hapo. Kwa kipimo cha macho, nyuzi 30 ni mkanda kupanda sentimita 58 kwa kila mita ya mlalo. Miti iwe mita nne hadi tano mbalimbali.

Amua kabla ya kukata kama utashona tabaka mbili zenye mfuko wa godoro jembamba la sponji. Julai, hapa Nairobi au Naivasha, baridi inakuja kutoka chini, na blanketi ulilolilalia halisaidii kwa sababu umelikandamiza. Turubai ya kuzuia mvua iwe mita tatu kwa tatu. Fimbo zinaongeza upana, na turubai ndogo itakumwagia maji begani.

Jaribu kwa mitungi minne ya lita 20 iliyojaa maji, hamoki ikiwa sentimita 30 kutoka chini, usiku kucha. Asubuhi kagua kona nne. Hapo tu ndipo upande, na godoro likiwa ardhini chini ya hamoki.

Usifunge kwenye nguzo ya geti, ukuta wa ploti au chuma cha roshani. Nguzo ya mawe inabeba uzito wa kushuka, haikujengwa kuvutwa kando, na ikianguka inaangukia ndani ya hamoki. Mti nao uutazame juu: tawi kavu, mzinga wa nyuki, miiba ya mgunga iliyodondoka pale utakapoweka miguu. Kando ya Ziwa Naivasha lala ndani ya ua wa kambi, kwa sababu viboko hutoka majini usiku kula nyasi. Mtoto asiachwe peke yake humo. Kisu kisikae mfukoni unapopanda, simu pia, na mvua ikishanyesha pima tena urefu kutoka chini, kwa kuwa nailoni iliyolowa hulegea.