Metali, simetali au nusumetali: jinsi ya kupima na kuamua

Kabla hujashika nyundo, hakikisha ulichonacho ni elementi, yaani kitu chenye atomu za aina moja tu. Kitasa cha njano ni shaba iliyochanganywa na zinki, makaa ya mawe ya Kiwira si kaboni tupu, na wekundu wa udongo wa Njombe ni oksidi ya chuma, yaani chuma kilichoungana na oksijeni, si chuma chenyewe. Ukipima mchanganyiko, majibu yatakuchanganya na wewe.

Tafuta msumari wa chuma usiopakwa zinki, waya wa shaba, kipande cha sufuria kuukuu ya alumini, na salfa ya unga kutoka duka la pembejeo. Salfa ya kuchanganya na maji ina viambato vingine, lakini kwa kazi hii inatosha. Zinki na kaboni utazipata kwenye betri kubwa ya redio iliyokwisha, ile ya bei nafuu: ganda ni zinki, kijiti cheusi cha katikati ni kaboni. Vaa glavu unapoipasua, maana unga mweusi uliomo haufai mwilini. Betri za alkalini na za simu usizipasue kabisa.

Tengeneza kipimo cha umeme: betri 2 za voti 1.5 zikifuatana, balbu ya tochi ya voti 2.5, na nyaya 3 za sentimita 20 hivi. Gusanisha kwanza ncha mbili zilizo huru; balbu isipowaka, kasoro iko kwenye kipimo. Kisha piga msasa kila kipande mahali pawili ndipo uguse. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Waya wa shaba uliotolewa kwenye mota umepakwa vanishi, na alumini hujifunika utando mwembamba wa oksidi. Bila msasa balbu inaweza kugoma, na mwanafunzi akaandika kwamba shaba ni simetali.

Sasa nyundo. Funika macho, weka kipande juu ya chuma kizito, piga taratibu. Zinki, shaba na alumini hutandazika. Kijiti cha kaboni hukatika na kumeguka vipande.

Kijiti hicho ndicho mtihani wenyewe. Kinawasha balbu kama metali, lakini hakipondeki kuwa bapa, na ukikisugua kwenye karatasi kinaacha mstari mweusi. Ndani yake kila atomu ya kaboni imeshikana na jirani 3, elektroni moja inabaki huru kutembea katika tabaka. Tabaka zenyewe zinateleza moja juu ya nyingine. Kwa hiyo umeme peke yake hauamui. Mng'aro nao hauamui: iodini inang'aa, na ni simetali. Ugumu pia hapana, kwani sodiamu ni metali na hukatwa kwa kisu.

Ushahidi wenye uzito zaidi ni oksidi. Choma salfa robo kijiko cha chai, nje, ukisimama upande upepo unakotoka. Mwenye pumu akae mbali. Karatasi ya litmasi ya bluu iliyoloweshwa, ikishikwa juu ya moshi, hugeuka nyekundu: asidi, simetali. Jivu jeupe la utepe wa magnesiamu kutoka maabara, likikorogwa na maji, hugeuza litmasi nyekundu kuwa bluu: besi, metali. Oksidi za shaba na chuma haziyeyuki majini, hivyo litmasi isipobadilika usihitimishe lolote.

Nusumetali, zenye tabia za metali na za simetali, hazipimiki kwa balbu. Silikoni ya paneli za sola inang'aa lakini hupasuka kama kigae, na silikoni safi ikipata joto hupitisha umeme vizuri zaidi, kinyume cha metali. Hapa tumia jedwali la elementi: fuata mstari wa ngazi unaoanzia kwenye boroni ukishuka kulia; metali ziko kushoto kwake, simetali kulia. Boroni, silikoni, jemaniamu, aseniki, antimoni na teluriamu ndizo nusumetali zinazokubalika na wengi. Kuhusu poloniamu vitabu havikubaliani. Alumini inagusa ngazi lakini ni metali. Haidrojeni iko kushoto kabisa na bado ni simetali.

Jizoeze na za kwetu: dhahabu ya Chunya, namba ya atomiki 79, na niobiamu ya Panda Hill karibu na Mbeya, namba 41, zote ziko kushoto kwa ngazi. Heliamu ya bonde la Rukwa, namba 2, iko ukingoni kulia.