Kazi Inakupandisha Presha? Ipime kwa Siku 7

Presha ya damu inayopandishwa na kazi mara nyingi hujificha kliniki. Unapimwa siku ya mapumziko, umetulia, unaambiwa uko sawa. Kumbe ukirudi kwenye zamu inapanda. Basi ipime mwenyewe siku 7 mfululizo, za kazi na za mapumziko.

Tumia mashine ya mkanda wa mkono wa juu. Mkanda ukiwa mdogo kuliko mkono wako, namba zitakuja kubwa kuliko ukweli. Nusu saa kabla, acha kahawa, chai na sigara. Nenda msalani, maana kibofu kilichojaa nacho hupandisha presha. Kaa dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono umelala mezani usawa wa moyo. Usiongee. Pima mara 2, ukipisha dakika 1, asubuhi na jioni, na uandike namba kwenye daftari. Siku ya kwanza usiihesabu. Tafuta wastani wa zilizobaki. Ukifika 135/85, nenda kituo cha afya na daftari lako. Ikifika 180/120 huku kifua kinabana, mdomo umepinda au mkono mmoja umelegea, wahi hospitali saa hiyo hiyo.

Daftari liwe na safu mbili zaidi, na hizi ndizo watu huziruka. Ya kwanza ni saa za kazi. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) walikadiria kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi kubwa kwa 35% kuliko wa saa 35 hadi 40. Sheria ya Tanzania inaruhusu saa 45 za kawaida kwa wiki, na za ziada hadi 50 katika wiki 4. Piga hesabu: ukizimaliza zote, unafanya saa 57 na nusu kwa wiki. Mwajiri hajavunja sheria, lakini mwili wako umeshavuka mpaka.

Safu ya pili: leo umemweleza nani linalokusumbua? Andika jina. Salamu za kwenye kundi la WhatsApp hazihesabiki. Zikipita siku 3 safu iko tupu, mpigie mtu simu usiku huo, hata dakika 10.

Kazi nzito humuumiza zaidi asiye na kauli juu yake. Ukienda kwa bosi na "kazi ni nyingi", utapewa pole. Omba kitu kimoja kinachotekelezeka, mfano ratiba ya zamu itoke wiki moja kabla, na mwende wawili, wewe na mfanyakazi mwenzako. Ikikubaliwa, pima tena siku 7 baada ya mwezi. Dawa ulizoandikiwa usiziache kwa sababu namba zimeshuka. Mwonyeshe daktari kwanza.