Kabla hujakubali kufundisha uchongaji na uchoraji chuoni

Vijana wengi wanaomaliza sanaa wananiuliza cheti gani kinatakiwa ili wafundishe, na ni kweli cheti kinatakiwa, nitakigusia huko mbele, ila mimi naona cha kwanza kabisa ni karakana. Kabla hujasaini chochote nenda kwenye chuo kinachokuita, omba uoneshwe wanapochongea, na usiende siku ya wageni pameshafagiliwa, nenda siku wanafunzi wako ndani wanapiga kazi. Angalia kama bomba linatoa maji, madirisha yanafunguka, meza zinahimili nyundo, tanuri linawaka kweli au limegeuka stoo ya viti vibovu. Uliza nani anashika ufunguo. Uliza na bajeti ya vifaa ya muhula uliopita ilinunua nini, usiulize ilipangwa shilingi ngapi, uliza ilinunua nini.

Nasisitiza karakana kwasababu ukishakuwa mwalimu wa uchongaji, vidole na mapafu ya wale watoto viko mikononi mwako. Udongo mbichi hauna shida, shida ni ule uliokauka ukamwagika sakafuni, vumbi lake lina silika, yaani chembe ndogo sana za madini yaliyomo hata kwenye mchanga, na silika ikikaa kwenye mapafu haitoki. Kwahiyo karakana ya udongo haifagiliwi kavu, inapigwa deki kwa maji, na hii sheria uiweke siku ya kwanza, ukichelewa watakuwa wameshazoea ufagio. Mpingo nao vumbi lake linawasha ngozi na kifua, wachongaji wazoefu wanalijua hilo. Barakoa za vumbi, miwani ya kazi, sanduku la huduma ya kwanza lenye vitu ndani, hivyo ndio vya kudai kwanza hata kabla ya patasi mpya.

Plasta ya POP (plaster of Paris), ule unga mweupe unaochanganywa na maji ukaganda, inadanganya wengi. Inaonekana kama unga tu lakini ikianza kuganda inatoa joto, na ikiwa nene inaweza kufika nyuzi 60 au hata zaidi, kwahiyo marufuku mwanafunzi kuzamisha mkono kwenye ndoo ya plasta ili apate umbo la mkono wake, watu wameungua hivyo vibaya sana sehemu mbalimbali duniani. Halafu unamwaga plasta kwenye maji, humwagi maji kwenye plasta, na mabaki hayaendi kwenye sinki kwasababu yanaganda mle ndani ya bomba na fundi ataitwa. Kwenye tanuri ni hivyo hivyo, sanamu nene ya udongo yenye unyevu ndani ikipelekwa haraka juu ya nyuzi 100 ule unyevu unageuka mvuke na sanamu inapasuka, tena inapasua na za wenzie. Mfundishe mtu kukomba ndani, kuta zibaki kama sentimita 2 au 3, unene ulingane, na aache ikauke taratibu. Haya yote uwe umeyafanya kwa mikono yako kabla hujasimama mbele ya darasa, manake mwanafunzi akiuliza kwanini imepasuka anastahili jibu kamili.

Sasa kuchora. Kuna watu wanaomba kufundisha uchongaji wakisema kuchora sio fani yao, na mimi hapo sikubaliani nao kabisa. Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora aliyefundisha sanaa Makerere miaka mingi, alikuwa anapasua wanyama waliokufa na kuchora misuli na mifupa yao, ndio maana michoro yake inaheshimika mpaka kwa wanasayansi. Ule ndio moyo wa kuchora kwa mchongaji, unachora ili ujue ndani kuna nini kinachobeba nje. Kwahiyo miezi kadhaa kabla ya kuanza kazi rudi kwenye daftari, chora kila siku, chora watu stendi, chora mafundi garage, chora michoro ya haraka ya nusu dakika mpaka dakika mbili kisha mmoja wa saa nzima. Darasani utachora ubaoni au kwenye karatasi ya manila huku unaongea huku watu 30 wanakuangalia, mkono ulioacha kazi utaonekana. Kile kipimo cha kwamba mtu mzima ana urefu wa vichwa saba na nusu hivi kianzie hapo lakini kisiishie hapo, wapeleke wakawapime watu wa kweli, wataona wenyewe jinsi tunavyotofautiana.

Modeli wa kuchorwa mpange mapema. Kwetu hapa jambo la mwili linataka heshima, kaa na uongozi mkubaliane mavazi, malipo, nani anaruhusiwa kuingia, simu za kupiga picha zinakaa wapi, na mapumziko kila baada ya dakika 20 hivi kwasababu anayekaa pale ni binadamu anakufa ganzi. Mzee wa mtaani mwenye uso wa miaka yake ni modeli mzuri kupita wengi, lakini mwite kwa adabu zote na umlipe siku ileile.

Kingine, jenga urafiki na wachongaji walioko nje ya chuo kabla hujaanza. Kama uko Dar nenda Mwenge kwa Wamakonde, ukae, ununue chai, uangalie tezo inavyoingia kwenye mpingo. Ukiwa Kenya kuna Tabaka kule Kisii kwenye mawe laini, kuna Wamunyu kwa Wakamba. Wengi wao hawana diploma lakini wana elimu ya mti na jiwe ambayo chuo hakina, wakaribishe darasani kama walimu, na walipwe kama walimu.

Makaratasi nitapita haraka. Vyuo vikuu vya Tanzania kwa ngazi ya chini kabisa ya uhadhiri wanataka GPA isiyopungua 3.8 ya shahada ya kwanza, kwa uhadhiri msaidizi unahitaji na masters, kwahiyo mtu wa mwaka wa kwanza alijue hilo leo. Vyuo vya kati vina utaratibu wake. Ukipewa kazi ya muda uliza mnalipwa kwa saa au kwa kozi, na saa za kuandaa udongo na kupakua tanuri zinahesabiwa au hazihesabiwi.

La mwisho ndio linaloniuma zaidi, kazi zako mwenyewe. Gregory Maloba alianza kama mwanafunzi wa Margaret Trowell, yule mama aliyeanzisha madarasa ya sanaa Makerere mwaka 1937 barazani kwake, akaja kuwa mwalimu wa uchongaji palepale, na katikati ya kufundisha akasimamisha ile Sanamu ya Uhuru ya Kampala mwaka 1962. Mwanafunzi wake alikuwa anafundishwa na mtu mwenye saruji kwenye nguo. Walimu wengi wanaacha kuchonga ndani ya miaka michache tu, sio kwa uvivu, ni vikao na kusahihisha na ufunguo wa karakana unaorudishwa saa kumi jioni. Basi wakati wa kujadili mkataba omba iandikwe kabisa, siku fulani za wiki unatumia karakana kwa kazi yako, na kona ya kuacha sanamu ambayo haijaisha bila mtu kuigusa.