Somo: Kufanya mazoezi kwa wati ili utoke kundi la wanaoanza

Swali hili hunijia karibu kila wiki, limebadilishwa maneno tu: "Nimepata pawamita, sasa nifanyeje ili nihamie kundi la wazoefu?" Pawamita ni kifaa kinachopima, kwa wati, nguvu unayokanyagia. Nimeamua kuliandikia jibu moja kwa utaratibu, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa. Somo linamhusu mwendesha baiskeli wa ridhaa ambaye tayari anajua kukaa kundini bila kuyumba. Kama bado unagusa gurudumu la aliye mbele yako, wati zisubiri kwanza.

Hatua ya 1. Funga pawamita, iunganishe na kompyuta ya baiskeli, uandike uzito wako wa kweli.

Hatua ya 2. Sawazisha sifuri kabla ya kila safari. Pawamita husoma jinsi chuma kinavyopinda kidogo mno unapokanyaga, na usomaji huo huyumba joto linapobadilika. Kwa hiyo baiskeli iliyolala ndani chini ya feni iache nje kama robo saa, kisha sawazisha bila mguu kuwapo kwenye pedali.

Hatua ya 3. Pima FTP, yaani nguvu ya juu kabisa unayoweza kuishikilia kwa takriban saa moja. Hatua hii iliwahi kuniangusha mimi mwenyewe, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu. Wengi hutumia kipimo cha dakika 20: unachukua wastani wa wati za dakika hizo na kuuzidisha kwa 0.95. Kinachosahaulika ni kwamba, katika utaratibu wenyewe, baada ya kupasha mwili moto unatakiwa kwanza ukanyage dakika 5 kwa nguvu zako zote, kisha upumzike kwa mwendo mwepesi dakika 10, ndipo uanze zile 20. Dakika 5 hizo zipo ili kumaliza akiba ya nguvu za ghafla, ile ambayo mwili huitoa bila kutegemea sana hewa unayovuta. Ukiziruka, akiba hiyo inaingia ndani ya zile dakika 20 na kuupandisha wastani, halafu ukizidisha kwa 0.95 unapata FTP ambayo si yako. Dalili zake utaziona mapema: mazoezi ya kizingiti, yaani ya nguvu iliyo karibu na FTP, yanakushinda kabla hujayamaliza, miguu inakuwa mizito hata siku za mwendo mwepesi, na unaanza kulaumu chakula au baiskeli.

Tahadhari nyingine katika hatua hii. Usianze kwa hasira. Dakika tano za mwanzo wa zile 20 zinapaswa kuonekana rahisi kupita kiasi. Chagua kipande cha barabara kisicho na matuta wala makutano, kikiwa na mwinuko mdogo ni bora zaidi, kwa sababu kwenye mteremko ni vigumu kuendelea kukanyaga kwa nguvu ileile. Kwa tunaotoka Mtwara mjini kuelekea Mikindani na kuendelea upande wa Lindi, maana yake ni kuondoka saa 12 asubuhi, kabla malori ya saruji hayajajaa barabarani. Saa hiyo ina faida ya pili: unyevu wetu wa pwani hulifanya jasho lichuruzike badala ya kukauka mwilini, damu nyingi inapelekwa kwenye ngozi ili kupoza mwili, na wati zilezile zinakugharimu zaidi. Aliyejipima alfajiri mwezi Julai na kurudia saa 8 mchana mwezi Januari amelinganisha hali ya hewa, hajalinganisha miguu yake.

Hatua ya 4. Gawa kanda, yaani viwango vya nguvu kwa asilimia ya FTP yako. Tuseme wastani wako wa dakika 20 ni wati 240. FTP yako ni 228, na kama una kilo 65, hiyo ni wati 3.5 kwa kila kilo. Kanda ya pili, ya kujenga pumzi, ni asilimia 56 hadi 75, yaani wati 128 hadi 171. Kanda ya kizingiti ni asilimia 91 hadi 105, yaani 207 hadi 239. Kanda ya tano ni asilimia 106 hadi 120, yaani 242 hadi 274.

Hatua ya 5. Panga wiki. Siku mbili ngumu zisizofuatana, safari ndefu moja, siku moja ya kupumzika kabisa, na zilizobaki kanda ya pili. Siku ngumu ya kwanza iwe vipande viwili vya dakika 20, kila kimoja kwenye asilimia 88 hadi 94 ya FTP. Ya pili iwe vipande vinne au vitano vya dakika 4 katika kanda ya tano, na mapumziko ya muda uleule. Zoezi hili la pili ndilo hasa litakalokuhamisha kundi, kwa sababu wazoefu hawaendi kwa mwendo mmoja: wanachomoka, wanatulia, wanachomoka tena, na anayeachwa mara nyingi ana FTP nzuri tu, ila mchomoko wa nne hana. Kila wiki ya nne punguza mzigo, na baada ya wiki sita hadi nane jipime upya.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Masasi: Mwalimu, naomba uniambie tu, FTP ngapi inatosha kupanda kundi?

Jibu: Hakuna namba moja. Soma hatua ya 5, sentensi inayohusu mchomoko wa nne.

Mwanachama, Mtwara: Nimejipima nimepata 270, lakini mazoezi ya kizingiti yananishinda. Nadhani asilimia zako zimekosewa.

Jibu: Ulifanya zile dakika 5 za mwanzo?

Mwanachama, Mtwara: Sikuona umuhimu wake.

Jibu: Nimeziandikia aya nzima, ndugu yangu. Asilimia hizo sikuzitunga mimi, zinatumiwa na makocha wengi. Rudia kipimo, kisha tuzungumze.

Mwanachama, Newala: Shikamoo mwalimu. Huku juu uwandani napata wati nyingi kuliko nikishuka Mtwara, lakini mapigo ya moyo ni yaleyale. Nitumie namba ipi?

Jibu: Marahaba, dada. Umeangalia vizuri. Kwa mwinuko wa Newala hewa haijapungua kiasi cha kukupotezea nguvu nyingi, ilhali ubaridi wake unakusaidia waziwazi. Tumia namba ya Newala kwa mazoezi ya Newala, na ukishuka pwani siku za kwanza ongozwa na mapigo, hata wati zikipungua. Ukikaa kwenye joto na kufanya mazoezi siku 10 hadi 14, mwili huongeza maji ya damu na kuanza kutoa jasho mapema, na tofauti hiyo itapungua. Kama mbio zako ni za pwani, shuka mapema kwa kipindi hicho.

Mwanachama, Lindi: Programu ya simu inanikadiria wati bila pawamita. Inafaa?

Jibu: Inakokotoa kutokana na spidi, uzito na mwinuko, lakini upepo haiujui sawasawa. Kusi likikusukuma kwa nyuma itakusifu bure. Kwenye kilima kirefu chenye mwinuko mkali inakaribia ukweli; kwingine tumia mapigo.

Mwanachama, Kilwa: Pawamita yangu inakatakata usomaji. Nimeosha baiskeli vizuri tu.

Jibu: Fungua kifuniko cha betri. Hewa ya chumvi huacha ukungu wa kijani kwenye vibati vya kugusana; futa kwa kitambaa kikavu, badilisha betri, na hakikisha mpira wa kuzuia maji haujapasuka.

Mwanachama, Lindi: Na mwezi wa Ramadhani tufanyeje?

Jibu: Swali zuri. Mwendo mwepesi wa chini ya saa moja ufanyike kabla tu ya kufuturu, ili ukimaliza maji yawe karibu. Siku ngumu ibaki moja kwa wiki, usiku, kama saa mbili baada ya futari, kwa taa za mbele na nyuma au kwenye kifaa cha kuendeshea ndani. Vipande vipungue idadi, wati zibaki zilezile. Kipimo cha FTP kiache hadi wiki ya pili baada ya Idi.