Namna ya Kuzuia Hatia Isigeuke Hasira kwa Ndugu

Mtu aliyekaa mjini muda mrefu bila kwenda kumwona mama yake mgonjwa hufika nyumbani na, kabla hajapumzika, huanza kumkaripia dada yake anayemuuguza: dawa zimechelewa, shuka ni chafu, kwa nini hakupigiwa simu mapema. Dada hana kosa. Kumwona akihudumia ndiko kunakomkumbusha mgeni wajibu alioukwepa, na kumlaumu kunampunguzia maumivu hayo kwa muda.

Mwanasaikolojia wa Marekani, June Tangney, ameonyesha kwamba anayejutia tendo lake huelekea kulitengeneza, ilhali anayejiona kuwa yeye mwenyewe ni mtu mbaya huelekea zaidi kukasirika na kuwatupia wengine lawama. Kwa hiyo hasira inapopanda, hasa ikiwa kubwa kuliko jambo lenyewe, nyamaza, toka nje, kisha jiulize unadaiwa nini na huyu unayetaka kumgombeza. Jibu kwa kutaja tendo: "Sijaja tangu Pasaka," wala si "Mimi ni mtoto asiyefaa."

Hatua ngumu zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo inayoponya, ni kumwendea dada na kumwambia: "Nisamehe, dada, nimekuachia mzigo huu peke yako." Usiongeze habari za kazi wala nauli, kwa kuwa udhuru humlazimu aanze kukufariji wewe. Kisha shika zamu ya usiku huohuo, naye alale, na mkubaliane nani atalipia dawa za mwezi ujao. Iwapo dawa zilichelewa kweli, lizungumzieni kesho yake.