Namna ya kutafuta historia ya mgodi wa Kipushi

Anza na majina. Mgodi huu, kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi, Kongo, kampuni ya Wabelgiji Union Minière ilianza kuuchimba mwaka 1924, na kwa miaka mingi karatasi zake ziliuita Prince Léopold. Ukitafuta "Kipushi" tu, mengi yatakupita. Kampuni nayo ilibadilika: Union Minière, halafu Gécomin mwaka 1967, baadaye Gécamines. Mji wetu, Lubumbashi, uliandikwa Élisabethville hadi 1966.

Kabla ya makavazi, nenda kwa wazee. Uchimbaji ulisimama 1993 na kuanza tena 2024 tu, kwa hiyo walioshuka shimoni zamani wamezeeka, na kila msiba unaondoka na habari ambayo haijaandikwa popote. Hilo linaniuma sana.

Usimwambie mzee "nieleze historia", atakupa hotuba. Muulize alishuka zamu gani, posho iligawiwa siku gani, matrikili yake, yaani namba yake ya kazi, ilikuwa ngapi. Matrikili hawaisahau. Babu yangu alikuwa amesahau mwaka aliooa, lakini namba hiyo aliitaja papo hapo, kisha akaagiza kitabu chake cha kazi kitolewe sandukuni. Mle, kando ya mhuri wa zambarau uliofifia, kuna tarehe ya kuingia, kazi aliyopewa na kijiji alikotoka. Piga picha kila ukurasa, hata ule mtupu, maana mara nyingine kuna maandishi ya penseli. Vijiji vya wafanyakazi kadhaa ukivipanga pamoja, utaona kampuni ilikuwa ikitafuta watu wapi.

Wamama usiwaruke. Wao ndio wanaojua kambi ya wafanyakazi: nani alikaa nyumba ipi, nani alitoka Kasaï, nani alitoka Rwanda.

Sasa makaratasi. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina tasnifu za wanafunzi. Soma kwanza orodha zao za marejeo. Makavazi ya Union Minière yako Brussels, katika Makavazi ya Taifa ya Ubelgiji, na makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels, yana ramani za kijiolojia. Waandikie kwa Kifaransa, utaje miaka na jina Prince Léopold.

Ukienda kuona mahali penyewe, omba ruhusa, na mashimo ya zamani usiyaingie. Mawe ya Kipushi yana shaba na zinki, lakini yana risasi pia, madini yenye sumu: usiwaletee watoto nyumbani, na unawe mikono kabla ya kula. Rekodi ya sauti ya mzee, ipelekee familia yake nakala kabla hujaandika lolote.